JOIN: kuunganisha majedwali mawili kwa ulizo moja

JOIN ni agizo la SQL, lugha ya kuuliza taarifa kwenye hifadhidata, linalosoma majedwali mawili kwa pamoja na kutoa jibu moja, kwa kulinganisha safu ambayo yote mawili yanayo.

Chukua chama cha msingi cha korosho kule Tandahimba. Jedwali la wakulima lina namba, jina, kijiji na akaunti ya benki. Jedwali la mapokezi lina namba_mkulima, tarehe, daraja na kilo. Jina halirudiwi kwenye mapokezi, na ndivyo inavyotakiwa: mkulima akibadili akaunti, karani anarekebisha mstari mmoja tu. Msingi wa mpangilio huu aliuweka Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1970.

Ukitaka kujua nani kaleta kilo ngapi, unaandika:

SELECT w.jina, m.tarehe, m.kilo
FROM wakulima w
JOIN mapokezi m ON m.namba_mkulima = w.namba;

Herufi w na m ni majina mafupi ya majedwali hayo mawili. Uzito wote uko kwenye ON, sehemu inayotaja safu zinazopaswa kulingana. MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, hukubali JOIN bila ON, na hapo kila mkulima anaunganishwa na kila mzigo: wakulima 400 na mizigo 3,000 huzaa mistari 1,200,000. Wala usiunganishe kwa jina, hata kama mapokezi yangekuwa nalo. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Hamisi Selemani watatu, na kilo za mmoja zitasomeka kwa wote. Kwa pesa ya mkulima, hilo halivumiliki.

Sasa jambo linalowaponyoka wengi. JOIN ya kawaida hutoa waliopatikana pande zote mbili pekee. Mkulima ambaye bado hajaleta korosho hatoki kabisa kwenye ripoti, na hakuna onyo lolote. Viongozi wakitaka orodha ya wanachama wote, tumia LEFT JOIN: jedwali lililotajwa kwanza hubaki zima, na pasipo na mzigo huwekwa NULL, yaani alama ya kukosekana kwa thamani.

Lakini ukimalizia na sharti la kuchuja WHERE m.daraja = 1, wale wenye NULL wanaondolewa tena, maana NULL hailingani na 1. Sharti hilo lihamishie kwenye ON:

LEFT JOIN mapokezi m
ON m.namba_mkulima = w.namba AND m.daraja = 1

Hapo kila mwanachama anabaki, na kilo zinazoonekana ni za daraja la kwanza tu.