Magofu ya Kaole yalijengwa na nani?

Wengi wanaotembelea Bagamoyo na kufika Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji, huamini kuwa misikiti na makaburi yale ni kazi ya Waarabu au Washirazi. Imani hiyo haikuzuka hewani: simulizi za pwani zenyewe hutaja mababu waliotoka Shirazi, Uajemi, na biashara ya ng'ambo ilikuwa kubwa kweli.

Mawe, hata hivyo, yanaelekeza kwa wenyeji. Mahali plasta ilipobanduka, sogea karibu: utaona vijitundu vya matumbawe ya pwani hiihii, yameungwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Matumbawe laini ya kuchongea mihrabu hukatwa baharini yakiwa mabichi, kisha hukauka yakawa magumu. Nyumba za mawe za pwani nazo zina vyumba vyembamba, mara nyingi mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo hazivuki zaidi ya hapo. Ukiwa na futi kamba, pima.

Kaburi lenye mnara ni mtindo wa pwani ya Afrika Mashariki, si wa Uarabuni. Bakuli za China zilizopachikwa juu yake huonyesha waliuziana na nani, wala si nani alijenga.

Huko Shanga, mji wa kale wa Waswahili katika kisiwa cha Pate, Kenya, ushahidi kama huo uko chini ya ardhi: chini ya msikiti wa mawe ilikutwa misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine, kuanzia karne ya 8; yaani ujenzi wa mawe ulikua hapohapo hatua kwa hatua.