Sayari za nyota zingine: wanazijuaje na wala hawazioni?

Juzi tulikuwa kwa taksi tunatoka Masaka, hapa Uganda, usiku, umeme umekatika njia nzima, nyota zimejaa mpaka basi, na binamu yangu akaniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani: hawa wanaosema wamepata sayari huko mbali, wamezionaje? Ukweli ni kwamba karibu zote hawajawahi kuziona. Wanachoangalia ni nyota, alafu tabia ya hiyo nyota ndio inawaambia kuna kitu kinaizunguka.

Tuanze na maneno. Nyota inawaka yenyewe, na Jua letu ni nyota. Sayari haiwaki, inaangaziwa tu, kama Dunia yetu au Zuhura au Mshtarii. Nyota pamoja na vyote vinavyoizunguka ndio mfumo wa sayari. Sasa sayari yenye nyota yake ingine, sio Jua letu, inaitwa eksoplaneti, na mpaka sasa zimethibitishwa zaidi ya 6,000.

Mbona wasiangalie tu moja kwa moja? Kama umewahi kuona watu wanavyotega senene Masaka utaelewa haraka. Ile balbu yao kali sana, simama mbali kabisa kwa kilima cha pili, alafu ujaribu kuona senene mmoja amekaa kando ya balbu. Hutamuona, mwanga unammeza. Jua linaishinda Dunia kwa mwanga mara kama bilioni 10, na hiyo ni karibu, fikiria sasa miaka ya mwanga 40 au 700 (mwaka mmoja wa mwanga ni umbali ambao mwanga unaenda kwa mwaka mzima). Zipo chache zimepigwa picha kweli, mfano 2008 nyota HR 8799 ilionyeshwa na sayari zake, baadaye zikafika nne, lakini hizo ni kubwa, bado changa na zina joto, tena zinakaa mbali na nyota yao.

Lakini huyo senene akipita mbele ya balbu, mwanga unapungua kidogo tu. Hiyo ndio njia iliyoleta sayari nyingi kuliko zote. Wanaokumbuka tarehe 3 Novemba 2013, vile mwezi ulifunika jua lote kule Pakwach, ni kitu kilekile, ila huku kifuniko ni kidogo sana. Mtu akiwa mbali akaona Mshtarii inapita mbele ya Jua angeona mwanga umepungua kama asilimia 1, na ikiwa ni Dunia basi haifiki hata sehemu 1 kwa 10,000. Kwa hiyo wanangoja ipungue, irudi, ipungue tena baada ya siku zilezile, na zile siku ndio mwaka wa hiyo sayari. Teleskopu ya Kepler ilirushwa 2009 ikakodolea macho kipande kimoja cha anga kwa miaka minne, nyota kama 150,000 kwa mpigo, na data zake zimetoa sayari zaidi ya 2,600. Na hapo ujue sayari nyingi hazipiti mbele kabisa kwa vile mzunguko wao umelala vingine, kwa mfumo kama Dunia na Jua bahati ni kama 1 kwa 200. Mimi hiyo namba ilinishtua, manake zile tunazokosa ni nyingi mno.

Njia ingine ni kuyumba. Sayari inavutwa na nyota lakini na yenyewe inaivuta nyota, kwa hiyo nyota inakuja kidogo, inaenda kidogo. Unajua vile ambulensi ikija king'ora kinakuwa chembamba, ikishakupita kinakuwa kizito? Mwanga unafanya hivyo pia: nyota ikija upande wetu rangi zake zinasogea kwa buluu, ikienda zinasogea kwa nyekundu, na wanapima ile mistari myeusi inayoonekana mwanga wa nyota ukitawanywa kwa rangi zake. Hivyo ndivyo wanasayansi Michel Mayor na Didier Queloz walivyopata sayari 51 Pegasi b mwaka 1995, wakiwa na teleskopu Ufaransa. Sayari yenye uzito kama nusu ya Mshtarii inamaliza mwaka wake kwa siku 4 na kidogo! Iko karibu na nyota yake kuliko Utaridi na Jua, hakuna aliyetegemea kitu kama hicho, na 2019 wakapewa tuzo ya Nobel.

Utamu wenyewe ni pale njia hizi mbili zinakutana. Kupita mbele kunakupa ukubwa, kuyumba kunakupa uzito, ukigawanya uzito kwa ukubwa unajua kama ni mwamba au ni gesi. Na sayari zikiwa nyingi zinavutana zenyewe kwa zenyewe, moja inachelewa dakika chache, ingine inawahi, ndio maana nyota TRAPPIST-1 ambayo ina sayari saba, zote ukubwa wake unakaribia wa Dunia, waliweza kuzipima uzito kwa kufuata hizo dakika tu.

Alafu kuna hewa. Sayari ikipita, mwanga kidogo wa nyota unapenya hewa yake na kila gesi inakula rangi zake. Teleskopu ya James Webb ilionyesha kaboni dayoksaidi kwa sayari WASP-39b hivyo mwaka 2022. Hata jirani zetu Kenya wana yao, sayari GJ 1214 b iliitwa Enaiposha, neno la Kimaasai, Webb imeiangalia ikakuta imefunikwa na ukungu mzito.

Sisi tuko kwa ikweta tunaona anga la kaskazini na la kusini pia. Mwezi wa tano jioni angalia kusini, kuna nyota kali ya Alpha Centauri. Karibu nayo kuna ndogo, Proxima, haionekani bila teleskopu, ndio nyota ya karibu zaidi baada ya Jua, miaka ya mwanga 4.2, na mwaka 2016 walitangaza ina sayari. Waliijua kwa sababu Proxima inakuja na kwenda kwa mwendo wa kama mita 1.4 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwenda sokoni.