Kichwa kitulie, kiuno kicheze: kujifunza usawa wa mtumbwi ukiwa nyumbani

Ukitaka kumwona mtu aliyefuzu usawa, usikimbilie ziwani. Simama asubuhi kwenye njia ya kisimani pale Ipinda au Matema, umtazame mama anayerudi na ndoo ya lita 20 kichwani. Hizo ni kilo 20 za maji, ndoo haina kifuniko, na njia ina mawe. Tazama kiuno chake kinavyokwenda huku na huku kufuata ardhi, kisha tazama kichwa. Kichwa hakitikisiki. Akikanyaga vibaya, nyonga ndiyo inayopokea mshtuko, na ndoo haipati hata habari.

Mtumbwi nao unataka hivyo hivyo. Katika mafunzo ya usalama majini tunayoendesha kandokando ya Ziwa Nyasa nimezoea kuwaona akina mama wakiutuliza mtumbwi siku ya kwanza, huku vijana wenye vifua vipana wakinywa maji. Kijana anataka kuushinda mtumbwi kwa mikono na mabega. Mtumbwi ukilala kulia, yeye anajitupa kushoto kwa kiwiliwili kizima, na mtumbwi unamfuata huko huko kushoto kwa kasi kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Mitumbwi mingi ya Nyasa huchongwa kwa gogo moja, tumbo la mviringo, mdomo mwembamba uliojikunja kwa ndani. Mpiga kafi haketi chini kabisa kama abiria wa boti. Anakalia kingo, miguu ndiyo inayoingia ndani. Umbo hilo lina akili yake, kwa sababu wimbi halipati nafasi ya kumwaga maji ndani. Lakini linauweka uzito wote wa mwili juu, na tumbo la mviringo halivumilii uzito wa juu.

Usiniamini kwa maneno. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, funga kizibo, ukate dirisha refu ubavuni mpaka ifanane na mtumbwi. Iweke ielee kwenye beseni. Weka ndani mawe madogo matatu au manne, yakae chini kabisa, kisha isukume ubavu kwa kidole. Italala, halafu itarudi. Sasa yatoe mawe, weka kijiti kipana cha ubao kukatiza dirisha la chupa, uyapange mawe yale yale juu yake. Sukuma tena kwa kidole kile kile. Watoto wangu walipiga kelele mara ya kwanza walipoona inavyogeuka chali ghafla bila kuonya.

Sababu yake ni hii. Maji hukisukuma chombo kwenda juu, uzito hukivuta kwenda chini. Chombo kinapolala upande, ubavu uliozama zaidi ndio unaosukumwa zaidi, na msukumo huo ndio unaokiinua kirudi wima. Lakini uzito ukiwa juu, nao unahama kuelekea upande ule ule. Ukishavuka pale maji yanaposukuma, hakuna tena cha kukirudisha. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba magunia ya mchele, ndoo za usipa, wale dagaa wa ziwani, na vyungu vya wafinyanzi wa Kikisi vinavyovushwa kutoka Ikombe vikae chini na katikati, na abiria asisimame kumsalimia mtu wa ufukweni.

Kuna jaribio la pili, nalo ni la jikoni. Beba sinia lenye wali, utembee nalo ukumbini. Halafu beba sinia hilo hilo likiwa na maji ya kina cha kidole kimoja tu. Utaona maji yanavyokimbilia upande ulioshuka na kuuzidisha kushuka. Maji yaliyoingia ndani ya mtumbwi hufanya hivyo hivyo: mtumbwi unalala kidogo, maji yanahamia huko, unalala zaidi. Kwa hiyo mtu wa kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje kwa kata au kopo, si msaidizi mdogo wa kukaa bure. Akilala usingizi yeye, mpiga kafi hata awe hodari vipi hana la kufanya.

Sasa tuje kwenye mwili. Nyanda za Juu Kusini hatuna uhaba wa magogo. Ukipita Mufindi au Njombe mabanzi yamelundikwa kando ya barabara mpaka watu wanajengea uzio. Tafuta kipande cha gogo la msindano chenye unene wa sentimeta 25 hadi 30 na urefu wa mita moja hivi, lipasuliwe katikati kwa urefu. Lilaze uwanjani penye udongo mgumu, upande bapa juu, mgongo wa mviringo chini. Hapo una mtumbwi usiohitaji ziwa. Ukianguka, unaanguka kutoka kimo kisichofika hata nusu ya kigoda.

Kaa juu yake, miguu imenyooka mbele kufuata urefu wa gogo, magoti yamekunjwa kidogo, visigino vikianzia kugusa ardhi. Chagua kitu cha mbali cha kukitazama. Tukuyu utautazama Mlima Rungwe, Iringa utatafuta jabali. Kwanza tulia tu, dakika moja, pumzi ikitoka na kuingia kama kawaida. Wengi hapa hubana pumzi bila kujua, na mtu aliyebana pumzi hukakamaa kiuno. Kisha inua visigino, uviweke juu ya gogo. Lilaze gogo kulia kwa nyonga peke yake, lirudishe, lilaze kushoto. Pua yako ibaki juu ya kitovu muda wote. Mwenzako asimame mbele yako akutazame kichwa tu, kikihama, akuambie.

Ukishaweza hilo, weka kikombe cha plastiki chenye maji kichwani. Utalowa, na kulowa huko ndiko kunakofundisha. Baadaye shika fimbo iwe kafi, upige hewani mara kumi kulia, kumi kushoto, huku kikombe kipo. Baadaye tena mwenzako akurushie machungwa, mara huku mara kule, maana ziwani hakuna anayekuomba ruhusa kabla ya kukutikisa: samaki anavuta wavu, mtoto anageuka ghafla kuonyesha ndege. Mwisho fumba macho. Robo saa kila jioni inatosha, na ni bora kuliko saa tatu za Jumapili moja ambazo zitakuachia maumivu ya mgongo na hamu ya kuacha. Kusimama juu ya gogo sikufundishi, hata kama jirani yako anaweza. Ukiona mawimbi yameanza, kinachotakiwa ni kushuka chini, kupiga magoti au kuketi.

Hapa ndipo vijana hunionyesha simu. Wameona video ya mtu ndani ya kayaki, kile chombo chembamba kilichofunikwa juu, anapinduka kichwa chini, anazunguka chini ya maji na kuibuka upande wa pili akiwa bado ameketi. Wanataka kufanya hivyo Matema. Ujuzi huo ni wa kweli na ni wa zamani sana. Wainuiti, wenyeji wa Greenland kule kwenye barafu, waliokuwa wakiwinda wanyama wa baharini walikuwa na kayaki zilizofunikwa kwa ngozi juu, na koti la ngozi lililofungwa kuzunguka tundu la kukalia ili maji yasipenye. Katika maji yenye barafu, kutoka nje ya chombo kulikuwa ni kufa, kwa hiyo walijifunza kurudi juu bila kutoka.

Mtumbwi wetu uko wazi. Ukigeuka, unajaa, na uliojaa hauzunguki. Wapo wachezaji wa mitoni katika nchi nyingine wanaoweza kuzungusha hata mtumbwi wa wazi, ila wao huujaza mifuko ya hewa na kujifunga mapaja kwa mikanda. Nilipokuwa kijana nilijaribu bila vyote hivyo, tena nikiwa na gambuti miguuni. Gambuti zilijaa kabla sijajua niko upande gani. Mzee mwenye mtumbwi hakunigombeza. Alinipa kata na kuniacha nifue maji mpaka jua likazama, na siku ya pili akanipa tena.

Hata hivyo, ndani ya ule mzunguko wa kayaki kuna funzo moja ambalo mvuvi wa Kyela analihitaji kama Mgreenland. Kichwa ndicho kinachotoka majini mwisho. Mfa maji haachi kutapatapa, na jambo la kwanza analotaka ni kuinua kichwa apate hewa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano. Kikiwa majini, maji yanakibeba. Ukikinyanyua, uzito wote unarudi shingoni na kuuvuta mwili na chombo chini. Anayerudi juu ni yule anayezungusha nyonga kwanza, chombo kikafuata, halafu kiwiliwili, halafu kichwa.

Zoezi lake halihitaji maji. Tandika godoro sakafuni, keti miguu ikiwa mbele, kigoda kikiwa kuliani pako. Jilaze kwa ubavu wa kulia, viganja viwili juu ya kigoda, sikio la kulia karibu na bega la kulia. Sasa inua goti la kulia na kuzungusha nyonga mpaka makalio yote mawili yakae sawasawa sakafuni, huku sikio bado limelala begani. Kichwa kiinuke mwisho, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Ukiona mikono inakandamiza kigoda kwa nguvu, ujue nyonga haijafanya kazi. Ninawawekea wanafunzi yai chini ya kila kiganja, juu ya kitambaa. Mayai huwa yanapona kuanzia siku ya nne hivi.

Mtumbwi ukishapinduka kweli, mambo ni mengine. Usiuache. Gogo la mti huelea hata likijaa maji, na ni kubwa kuliko kichwa chako, kwa hiyo anayekutafuta ataliona kwanza. Ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo, hasa upande wa Milima ya Livingstone ambako mlima umesimama majini na hakuna mchanga wa kutokea. Shika chombo, ita majina ya wote mliokuwa nao, kila mmoja aitike. Kisha ugeuzeni uwe wima, mmoja akiwa kila upande, muusukume mbele na kuuvuta nyuma kwa urefu wake mpaka maji yamwagike kwenye ncha, na yaliyobaki yafuliwe kwa kata. Kata ifungwe kwa kamba ndani ya mtumbwi. Kata isiyofungwa huondoka wakati ule ule unapoihitaji.

Kupanda tena ndiko kunakowashinda watu, kwa sababu wanajaribu kuinua goti kwanza kama wanaopanda ukuta. Fanyia mazoezi kitandani. Piga magoti sakafuni kando ya kitanda, weka viganja juu, uteleze kwa tumbo mpaka kitovu kivuke ukingo, bila kusukuma kwa miguu. Miguu ipige nyuma kama inaogelea. Tumbo likishalala juu, jigeuze, keti. Ziwani mwenzako atakuwa ameshikilia ubavu wa pili ili mtumbwi usikufuate.

Neno kwa wanaoshuka kutoka juu. Mtu anaondoka Makete au Tukuyu alfajiri na baridi yake, koti zito, sweta, gambuti, anafika Matema mchana na kuingia mtumbwini vile vile. Vua. Nguo nzito zikilowa zinakunyima mkono wa kuogelea. Mama mwenye mtoto mgongoni, fundo la kanga lifunguliwe kabla ya kupanda, mtoto akae mbele yako, na kila mmoja awe na jaketi okozi lake, lililofungwa kamba zote. Jaketi lililokaliwa kama mto halijawahi kumwokoa mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto wadogo ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Baada ya wiki tatu au nne za gogo na godoro, unaweza kwenda majini. Nenda asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kati ya Mei na Agosti mwera huvuma kutoka kusini-mashariki, na kwa kuwa ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, mawimbi yanapofika huku kwetu mwisho wa kaskazini yamekwisha kukua njia nzima. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, halafu muulize pia mvuvi aliyerudi asubuhi hiyo. Kaa mbali na midomo ya mito kama Kiwira na Mbaka, maana mamba hupenda huko, na mbali na matete yenye maji yaliyotulia kwa ajili ya kichocho. Mto Kiwira wenyewe, na maziwa ya volkeno kama Ngosi yenye kuta za mwinuko mkali, si mahali pa kujifunzia.

Maji yakufike kiunoni, yasizidi. Watu wawili wabaki wamesimama nje ya mtumbwi, mmoja kila ubavu, jaketi umevaa. Kaa, tazama mlima, ulaze mtumbwi kulia kwa nyonga, uurudishe. Wakiachia mikono na mtumbwi ukabaki ulivyo, waambie wautikise kidogo. Ukianguka, na siku hiyo utaanguka, panda kwa tumbo kama ulivyopanda kitandani.