Bei ya jumla au bei kwa kipimo?

Kila mwaka wa fedha unapoanza hapa Tanzania, maafisa ununuzi wa halmashauri huniuliza swali lile lile: kazi hii tuitangaze kwa mkataba wa aina gani? Nami huwauliza kwanza: kazi yenyewe mnaijua kiasi gani? Aina ya mkataba ndiyo inayoamua hasara itamwangukia nani hali ya eneo la kazi isipolingana na mchoro.

Mkataba wa bei ya jumla unafaa pale kila kitu kinapojulikana: madarasa mawili, ramani imekamilika, udongo umepimwa. Mkandarasi anataja bei moja na kulipwa kwa hatua: msingi, lenta, paa. Saruji ikizidi makadirio yake, ni juu yake. Msimamizi hapa akazie macho ubora, kwa sababu mkandarasi anayeona hasara hujifidia kwenye nondo. Na kama michoro haijakamilika, naomba sana msitumie aina hii. Mzabuni makini atapandisha bei ili ajikinge. Asiye makini atashinda kwa bei ndogo, kisha kazi ikwame.

Barabara na misingi mirefu huhitaji mkataba wa bei kwa kipimo. Mzabuni anajaza bei ya kila kazi kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake, na malipo hufuata kiasi kilichofanyika kweli. Tuseme BOQ inaonesha uchimbaji wa mita za ujazo 120 kwa shilingi 25,000 kila moja, yaani shilingi 3,000,000. Mnakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na mhandisi anaagiza uchimbaji ufike mita za ujazo 180. Malipo yanakuwa shilingi 4,500,000. Bei ni ile ile, kipimo ndicho kimeongezeka. Ndiyo maana vipimo vichukuliwe na pande zote mbili na kusainiwa kabla shimo halijafukiwa.

Sasa angalieni mtego wake. Mzabuni anayelifahamu eneo anajua 120 haitatosha. Anaweka shilingi 60,000 kwa kila mita ya ujazo ya uchimbaji na kushusha bei ya mabati, jumla yake ibaki ndogo kuliko zote. Anashinda. Mita 60 za ziada sasa zinagharimu shilingi 3,600,000 badala ya 1,500,000, na hakuna kifungu kilichovunjwa. Kamati ya tathmini ikiona bei moja imepaa peke yake, idai mchanganuo wake kabla ya kupendekeza mshindi. NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, utawaonesha tarakimu. Kuzihoji ni kazi yenu.

Shajala, matairi na huduma za kila siku hazihitaji zabuni mpya kila mara. Mikataba maalum ya GPSA, Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, imeshapata wazabuni, nanyi mnaagiza kadiri mnavyohitaji.

Mtaalamu mshauri anayesanifu alipwe bei ya jumla, kwa kila ripoti iliyokubaliwa. Anayesimamia ujenzi hulipwa kwa muda, kwa kuwa mwendo wa kazi uko mikononi mwa mkandarasi. Hapo mkandarasi akichelewa, ankara ya msimamizi nayo inapanda. Wekeni ukomo wa jumla ndani ya mkataba, na kila mwezi linganisheni karatasi za mahudhurio ya wataalamu wake na shajara ya eneo la kazi kabla ya kuidhinisha malipo.