Kuwa na e4 si kuandikiwa Alzheimer

Nimeulizwa tena wiki hii. Mama mmoja mwenye duka Kibuye alinionyesha picha kwenye simu: majibu ya vipimo vya kakake aliye Marekani, APOE e3/e4, yaani ana aina mbili za jeni ya APOE, moja kutoka kwa kila mzazi, na e4 ndiyo inayohusishwa na Alzheimer, ugonjwa wa kusahau. "Daktari, mama alikufa bila kututambua. Sasa ni zamu yetu?" Tayari alikuwa anapanga kugawia watoto shamba. Yeye mwenyewe hajapimwa!

Zamani tungesema chira, laana ya kuvunja mwiko. Siku hizi tunasema jeni, na watu wanakata tamaa vilevile. Inaniuma.

Jeni zenye kauli nzito zipo. Mabadiliko hatari kwenye PSEN1, PSEN2 au APP kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu kuyarithi, na ugonjwa huanza mapema, mara nyingi kabla ya miaka 65. Hao ni chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wa Alzheimer.

APOE si ya kundi hilo. Wako wenye e4 mbili wanaozeeka na akili zao timamu, na wako wagonjwa wasio na hata moja. Halafu ile hesabu inayotajwa kila mahali, kwamba e4 moja huongeza hatari mara 3 hivi, ilitoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Nani aliyesema ni yetu? Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, walilinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Majibu ya 2001: kwa mwaka, asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan walipata Alzheimer, kule Indianapolis 2.52. Na e4 Ibadan ilikuwepo tele. Mwaka 2018 ikaonekana kwamba e4 iliyokaa kwenye kipande cha kromosomu 19 (uzi wa DNA unaobeba jeni hii) chenye asili ya Afrika ina makali pungufu kuliko ile yenye asili ya Ulaya.

Kwa nini? Wengine wanataja DNA iliyo jirani na jeni hiyo, wengine chakula na mafuta ya kwenye damu. Sijaridhika na jibu lolote. Tena anayeuawa na presha akiwa na miaka 66 hafiki umri wa kusahau, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo huenda ni vifo tu.

Yule mama nilimpima presha, nikamuuliza kuhusu sukari na masikio, maana hayo nayo huchangia kusahau, na yanatibika. Kisha nikauliza mama yake alianza kusahau lini. Baada ya miaka 75, akasema. Angesema 45, na mjomba vilevile, hapo ningechukua kalamu tuchore ukoo mzima.