Mkeka ndani ya punje ya mchanga wa Kiwira

Mvua za masika zikishapiga Rungwe, kingo za mto Kiwira hubaki na michirizi ya mchanga mweusi, mzito. Watoto huburuza humo sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, ikatoka imeota ndevu. Ndevu hizo ni magnetaiti, madini ya chuma na oksijeni yaliyozaliwa ndani ya lava ya volkano zetu. Kazi yangu ni kuifungua punje moja moja ya mchanga huo na kuitazama kwa hadubini ya elektroni.

Tuanze na mpangilio wa atomi. Fikiria machungwa yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka pale sokoni Mwanjelwa. Machungwa ni oksijeni. Kati yake mna mianya ya aina mbili: midogo iliyozungukwa na oksijeni nne, na mikubwa kidogo iliyozungukwa na oksijeni sita. Chuma hukaa humo. Kijisanduku kimoja cha fuwele, kile kinachojirudia pande zote, kina upande wa nanomita 0.84 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ndani yake mna oksijeni 32 na chuma 24, yaani 8 katika mianya midogo na 16 katika ile mikubwa. Usumaku wa makundi haya mawili hutazama pande zinazopingana, na wengi wape: unaobaki ndio huo unaovuta sumaku ya watoto. Mpangilio huu ulifumbuliwa mwaka 1915 kwa eksirei, na W. H. Bragg wa Uingereza na Shoji Nishikawa wa Japani, kila mmoja kivyake.

Lakini magnetaiti ya Rungwe si safi. Ina titani, metali nyingine. Fuwele ikiwa bado ya moto, titani hukaa humo bila shida, imechukua nafasi ya baadhi ya chuma. Jiwe linapopoa huku oksijeni ikipenya, ndoa hiyo huvunjika: titani hujitenga na kujenga madini mengine, ilimenaiti, katika vibamba vyembamba mno ndani ya punje ileile. Kwa macho huoni kitu, ni nyeusi tii. Chini ya hadubini unaona mkeka. Magnetaiti hung'aa zaidi na ilimenaiti hufifia, kwa sababu atomi ya chuma, yenye protoni 26, hurudisha elektroni nyingi kuliko ya titani yenye 22.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Vibamba havikai ovyo. Hufuata yale matabaka ya machungwa, kwa kuwa oksijeni za ilimenaiti nazo zimepangwa kwa matabaka yanayokaribia kulingana nayo; mlango ulishakuwepo, titani imepita tu. Matabaka hayo yameelekea pande nne ndani ya fuwele. Kwa hiyo picha hutegemea umekata wapi: ukikata sambamba na tabaka moja, mistari huonekana katika pande tatu zenye pembe ya nyuzi 60, ukikata sambamba na uso wa kile kijisanduku, huwa pande mbili tu, zimekutana kwa nyuzi 90, kama ukili juu ya ukili. Mara ya kwanza nilipoona nyuzi 60 nilichukua kipimapembe na kupima kwenye kioo cha kompyuta. Zilikuwa 60.

Ili kuona safu zenyewe za atomi, elektroni hazina budi kupenya sampuli kutoka upande huu hadi ule, na hapo sampuli lazima iwe nyembamba, takribani nanomita 100 au pungufu. Magnetaiti ina hatari yake ya pekee katika hatua hii. Lenzi ya hadubini ya aina hiyo ni sumaku yenye nguvu kama tesla 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na punje iliyolegea huruka na kwenda kuganda kwenye lenzi. Iliwahi kunitokea katika maabara niliyokuwa mgeni, mashine ikasimama, na niliumia sana kwa ajili ya waliokuwa kwenye foleni. Tangu hapo sampuli yangu haiingii mpaka imeshikwa na gundi ngumu, na mimi mwenyewe nimeijaribu kwa sumaku ya mkononi.

Watu wa Ludewa huniuliza mambo haya yanawahusu nini. Yanawahusu moja kwa moja. Chuma cha Liganga, huko huko Ludewa, ni magnetaiti yenye titani na metali nyingine iitwayo vanadi. Titani iliyokaa kando, kwenye punje zake kubwa, unaweza kusaga jiwe na kuitenga kwa sumaku, maana ilimenaiti huvutwa kwa udhaifu sana. Iliyojifuma kwa vibamba vya nanomita ndani ya magnetaiti haitengwi kwa kusaga hata ukipata unga laini kama poda. Huingia nayo tanuruni na kuishia kwenye mavi ya chuma, ambayo huwa mazito na magumu kutiririka. Vanadi nayo haina kibamba chake: imekaa katika ile mianya mikubwa, mahali pa chuma, kwa hiyo hufuata magnetaiti popote iendako. Ndiyo maana kabla ya kuzungumzia kinu cha kusagia, mimi huomba kwanza kipande cha jiwe chenye ukubwa wa ukucha.