Niliyoaminishwa kuhusu kuandika safari, na niliyoyakuta

Nilipoanza kuandika safari zangu, miaka minne iliyopita, wasomaji wote walikuwa ndani ya kundi la WhatsApp la ukoo wetu, Tanga. Binamu wawili waliweka dole gumba. Shangazi alinipigia simu nimsimulie, maana macho yake hayawezi maandishi madogo. Tangu hapo watu wameongezeka polepole, na walivyoongezeka ndivyo ushauri nao ulivyozidi. Mwingi ulitolewa kwa nia njema, na mwingi ulinichelewesha.

Wa kwanza kabisa ulikuwa huu: kuandika safari ni mambo ya Wazungu. Sisi husafiri kwa msiba, kwa harusi na kwa biashara, tukirudi tunasimulia barazani, basi. Maneno hayo yalinikaa kifuani mpaka siku niliyokutana na habari za Selim bin Abakari, mtu wa Komoro. Mwaka 1896 alifuatana na bwana wake, Mjerumani Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Aliyoyaona aliyaeleza kwa Kiswahili, na maelezo yake yakachapishwa Ujerumani mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa Carl Velten, pamoja na safari za watu wengine wa pwani walioingia bara. Najua waliochapisha walikuwa na haja zao za kikoloni, na Selim alikwenda kama mtumishi. Lakini jicho ni lake na lugha ni yake. Zaidi ya miaka 120 iliyopita kuna mtu alikwishatafuta maneno ya Kiswahili ya kuieleza Siberia, halafu mimi naambiwa kazi hii si yetu! Hata neno lenyewe, safari, Wazungu wamelichukua kwetu.

Dhana nyingine ni kwamba bila kwenda mbali na kukaa sana huna la kuandika. Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani kutoka Morocco, alikwenda mbali kuliko wengi, hilo halina ubishi. Alitoka Tangier mwaka 1325 akafika hadi China. Ila angalia alivyopita kwetu, mnamo mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu, akaendelea na safari ya Kilwa. Usiku huo mmoja ulimtosha kuona kwamba chakula cha watu wa pale ni ndizi na samaki, kwamba misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwamba watu hutembea pekupeku, wakifika msikitini huosha miguu kwa maji ya kisima kilichopo mlangoni. Karibu miaka 700 baadaye bado tunayataja. Ukisoma alivyoeleza chakula cha Mogadishu, wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na tangawizi mbichi, unasikia njaa. Kilichobaki ni vile vitu vidogo alivyovitazama kwa makini.

Kwangu mimi safari iliyoniletea wasomaji wa kwanza nje ya ukoo ni ya Lushoto. Kwa mtu wa Tanga, Lushoto ni jirani: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu unaupanda mlima kilomita 33 kupitia Soni. Nilidhani watu watapenda sehemu niliyoeleza ukingo wa Irente na tambarare unayoiona chini yako. Wachache waliipenda. Iliyosambazwa kutoka kundi hadi kundi ni aya moja iliyoeleza ushukie wapi Mombo, gari la kupanda mlima linasubiri upande gani, nauli ni kiasi gani, na kwamba mwezi wa Juni na Julai usiende bila sweta. Mtu niliyekuwa simfahamu aliniandikia kuwa amempeleka mama yake mzazi kwa kuifuata aya hiyo. Niliisoma ile meseji mara nyingi.

Kuhusu picha sitasema mengi. Nazipenda. Lakini wengi wanaonisoma wana bando dogo na simu iliyojaa, na picha kumi hawazifungui. Maandishi yanafunguka.

Sasa nifike kwenye dhana iliyoniumiza, na hii hakuna aliyeniambia, niliibeba mwenyewe: nitakumbuka. Nilijiamini kwamba kichwa changu kinatosha, daftari la nini. Nikaandika saa ya gari la mwisho kutoka Mombo kwa kumbukumbu tu, wiki kadhaa baada ya kurudi. Nilikosea. Dada mmoja aliyeamini maneno yangu alifika Mombo jioni na mtoto mgongoni, akakuta gari limeshaondoka. Alilala gesti kwa pesa ambayo hakuipangia. Aliponiandikia hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, rekebisha, mwingine asije akapata shida." Mpaka leo nikiandika saa yoyote namkumbuka yeye.

Kumbukumbu ni kitu cha kuhurumiwa. Huyo huyo Ibn Battuta alisimulia safari zake aliporudi Morocco, baada ya karibu miaka 30 njiani, na Ibn Juzayy ndiye aliyeandika. Kazi ilikamilika mwaka 1355. Mwenyewe anaeleza kuwa maandishi aliyoyanakili Bukhara yalipotea aliponyang'anywa mali zake baharini huko India. Mimi sikunyang'anywa na mtu. Siku hizi daftari liko mfukoni, na nauli naiandika kabla chenji haijarudi.

Halafu kuna wanaosema Kiswahili hakina wasomaji wa mambo haya, niandike Kiingereza. Nilijaribu miezi mitatu. Nilijikuta nawaeleza wageni ugali ni nini, na wale watu wa mwanzo wakanyamaza mmoja mmoja. Niliporudi kwenye Kiswahili niliandika kuhusu magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyosimama karibu na bahari. Ujumbe ukaja kutoka Muscat. Kijana alisema bibi yake alikulia Tanga, macho yamefifia, na yeye humsomea kwa sauti usiku. Bibi alitaka kujua kama minazi ya upande ule bado ipo. Nilirudi Tongoni Jumamosi iliyofuata kumtazamia.

Waliniambia pia kwamba mwaka wa kwanza usipofikisha maelfu, umeshindwa. Mwaka wangu wa kwanza niliweza kuwataja wasomaji kwa majina, na nusu yao ni ndugu. Sasa siwezi, na wengi waliokuja waliletwa na mtu aliyekuwa karibu kufunga safari. Wanakuja na vitu vyao pia. Mwezi uliopita kondakta wa njia ya Lushoto alinitumia ujumbe wa sauti: nauli imepanda, na gari la mwisho linaondoka mapema kuliko nilivyoandika. Nilifungua makala ile usiku huo huo, nikabadilisha mistari miwili, nikaiandikia tarehe juu.